Nakwama kila fumbo likiwa gumu, je akili yangu ndo imeishia hapo?

Swali la msomaji: "Mtaalamu habari za leo. Napenda sana chemsha bongo, hasa hizi za mantiki. Zile nyepesi nazimaliza fasta tu, ila zikishakua ngumu nakaa dakika tano, kumi, naona giza, naangalia jibu. Nikiliona najiambia aaah kumbe ndo hivi tu! Fumbo linalofuata nakwama tena palepale. Huu mwaka wa pili sasa. Kuna watu wamezaliwa na hiki kipaji na mimi sina, au kuna namna ya kufanya? Na nianzie wapi?"

Salama kabisa ndugu yangu, na asante kwa swali. Nimelisoma mara mbili maana hayo maneno yako ya "kumbe ndo hivi tu" ndo yamebeba ugonjwa wote.

Nianze na jibu lenyewe halafu nielezee. Akili unayo, unachokosa ni kazi ya mkono. Unakaa unalikodolea macho fumbo ukisubiri jibu likujie, na fumbo gumu halina hiyo tabia ya kuja lenyewe. Wanaoyatatua hawalioni jibu kabla yako, wanachofanya ni kuandika kila kinachowezekana kwenye karatasi halafu wanaanza kufuta, wanafuta, wanafuta, mpaka kibaki kimoja. Mimi natunga mafumbo miaka mingi sasa na nakwambia upande wa mtungaji uko hivyohivyo: kila sentensi ninayoiweka kwenye fumbo kazi yake ni kufuta kitu. Sentensi isiyofuta kitu naitoa. Kwahiyo ukisoma dokezo usijiulize "hii inanipeleka kwenye jibu gani", jiulize "hii imeua nini". Ni swali tofauti kabisa na lina jibu kila mara hata pale ambapo mwisho wa fumbo bado huuoni.

Ngoja nikuoneshe na fumbo ambalo pengine ushakutana nalo, lilitoka kwenye mashindano ya hisabati ya wanafunzi Singapore na Aprili 2015 likasambaa mitandaoni dunia nzima. Msichana anaitwa Cheryl, ana rafiki wawili, Albert na Bernard, wanataka kujua siku yake ya kuzaliwa. Anawapa tarehe kumi:

Mei 15, Mei 16, Mei 19
Juni 17, Juni 18
Julai 14, Julai 16
Agosti 14, Agosti 15, Agosti 17

Halafu anamnong'oneza Albert mwezi peke yake, na anamnong'oneza Bernard tarehe peke yake, yaani namba ya siku bila mwezi. Albert anasema: sijui ni lini, ila najua Bernard naye hajui. Bernard anasema: mwanzo nilikua sijui, ila sasa nimejua. Albert anamalizia: basi na mimi nimejua. Cheryl kazaliwa lini?

Watu wengi wanasoma hapo wanasema hawa wanapiga soga tu, hakuna taarifa yoyote. Sasa chukua kalamu. Sentensi ya kwanza ina vipande viwili, "sijui" haifuti kitu maana kila mwezi una tarehe zaidi ya moja, Albert hawezi kujua hata angetaka. Ila "najua Bernard hajui" hicho ndo kisu. Jiweke kwenye viatu vya Bernard: ana tarehe tu, ni tarehe gani ingemfanya ajue papo hapo? Ile inayotokea mara moja tu kwenye orodha, yaani 18 na 19. Na Albert ana uhakika Bernard hana hizo. Anaupataje huo uhakika? Ni kwamba mwezi alionong'onezwa hauna 18 wala 19 ndani yake. Kwahiyo sio Mei yenye 19, sio Juni yenye 18. Futa miezi miwili yote, tarehe tano zimekufa kwa sentensi moja!

Zimebaki Julai 14, Julai 16, Agosti 14, 15, 17. Bernard naye kafuta kama sisi, na anasema sasa anajua, basi tarehe yake sio 14 maana ingekua 14 angebaki njia panda kati ya Julai na Agosti. Futa 14 zote mbili. Zimebaki Julai 16, Agosti 15, Agosti 17. Albert anasema na yeye kajua, angekua na Agosti angebaki na mbili, basi ni Julai. Julai 16. Umeona hakuna mahali popote tulipobahatisha, wala hakuna mahali tulipohitaji kipaji, tulihitaji orodha ya tarehe kumi na uvumilivu wa kuuliza kila sentensi imeua nini. Ila ukijaribu kulibeba lote kichwani linakuelemea, tarehe kumi na vichwa vya watu wawili ni mzigo mkubwa kuushika bila karatasi.

Sasa kuhusu akili, maana hapo naona ndo panakuuma. Lile la milango mitatu unalijua? Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mlango, mtangazaji ambaye anajua gari liko wapi anafungua mmoja kati ya ile miwili iliyobaki, na kila mara anafungua wenye mbuzi, halafu anakuuliza ubaki na wako au uhamie ule mwingine. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant alijibu kwenye safu yake ya jarida la Parade, Marekani, kwamba hama. Akapokea barua kama 10,000, karibu 1,000 kati ya hizo kutoka kwa watu wenye PhD, na walio wengi wanamwambia kakosea. Hata Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, hakuridhika mpaka alipooneshwa matokeo ya kompyuta iliyoucheza huo mchezo mara nyingi. Na Savant alikua sahihi! Andika mistari mitatu tu uone: tuseme umechagua mlango wa kwanza. Gari likiwa mlango wa kwanza, ukihama unakosa. Likiwa mlango wa pili, mtangazaji hana namna lazima afungue wa tatu, ukihama unapata. Likiwa mlango wa tatu, lazima afungue wa pili, ukihama unapata. Mara mbili kati ya tatu. Mistari mitatu ya karatasi imewashinda maprofesa waliojibu kwa hisia, kwahiyo usiniambie habari ya kuzaliwa na kipaji, waliokosea hapo vipaji walikua navyo.

Nije kwenye mbinu ya pili ambayo kwangu ndo tamu kuliko zote, nayo ni kuhesabu kabla ya kujaribu. Hii nimejifunza kwa fumbo la sarafu 12 na lilinichukua siku nne nzima, natembea nalo nalala nalo. Liko hivi: una sarafu 12 zinazofanana, moja ni bandia, uzito wake tofauti ila hujui kama ni nzito zaidi au nyepesi zaidi. Una mizani ya sahani mbili, unaruhusiwa kupima mara 3 tu. Itafute bandia na useme ni nzito au nyepesi.

Mtu akilipata hilo anakimbilia kugawa sita kwa sita, kwasababu nusu kwa nusu inaonekana ni haki. Mimi pia nilianza hivyo. Tulia, hesabu kwanza. Yanayowezekana ni mangapi? Sarafu yoyote kati ya 12 inaweza kua bandia, na kila moja kwa namna mbili, nzito au nyepesi, basi ni 24. Na mizani inaweza kukwambia nini? Kila ukipima kuna majibu matatu, kushoto kumeshuka, kulia kumeshuka, au zimelala sawa. Mara tatu, ni 3 kwa 3 kwa 3, majibu 27. Una 24 za kutenganisha na majibu 27, inatosha ila kwa kubana sana, huna nafasi ya kupoteza pima hata moja. Na ukishapima mara ya kwanza unabaki na mbili, yaani 3 kwa 3, majibu 9. Kwahiyo, na hapa ndo pa kushika, pima ya kwanza lazima iache yanayowezekana 9 au chini ya hapo, kila upande itakaoangukia.

Sasa jaribu zile gawio. Sita kwa sita: haiwezi kulala sawa kabisa maana bandia imo ndani, jibu moja umelitupa, na ikiegemea upande mmoja umebaki na 12 (sita huku labda ni nzito, sita kule labda ni nyepesi). 12 ni zaidi ya 9, imekufa. Tano kwa tano: ikiegemea unabaki na 10, imekufa. Tatu kwa tatu: ikilala sawa, sarafu sita za nje zote ni washukiwa, kila moja kwa namna mbili, 12, imekufa. Nne kwa nne: ikiegemea kokote ni 8, ikilala sawa zimebaki nne za nje, ni 8. Nane nane nane! Hapo hujagusa mizani bado na tayari unajua pima ya kwanza ni ipi, na unajua bila shaka yoyote kwamba zile nyingine haziwezi, hata mtu akija na maneno mengi kiasi gani. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba.

Twende pima ya pili kwa ule upande unaotisha zaidi. Zipe sarafu namba. Umepima 1,2,3,4 kushoto na 5,6,7,8 kulia, kushoto kumeshuka. Basi ama moja ya 1 mpaka 4 ni nzito, ama moja ya 5 mpaka 8 ni nyepesi, na 9 mpaka 12 ni nzima zote. Una yanayowezekana 8 na pima mbili, pima inayofuata lazima iyagawe yasizidi 3 kila jibu. Wengi wanakwama hapa kwasababu wanang'ang'ania kila sarafu ibaki upande wake. Zivushe! Weka 1, 2 na 5 kushoto, 3, 4 na 6 kulia, na 7 na 8 zikae pembeni. Kushoto kukishuka: ama 1 nzito, ama 2 nzito, ama 6 nyepesi, ni tatu. Kulia kukishuka: 3 nzito, 4 nzito, au 5 nyepesi, tatu. Zikilala sawa: 7 au 8 nyepesi, mbili. Pima ya mwisho inamaliza, mfano kwenye ile ya kwanza unapima 1 dhidi ya 2, itakayoshuka ndo bandia, zikilala sawa ni 6. Hiyo ya kuvusha 5 sikuiota wala sikuzaliwa nayo, hesabu ndo iliyonilazimisha, nilikua natafuta tatu-tatu-mbili na hakukua na njia ya kuipata kila sarafu ikibaki upande wake.

Tawi la pili, lile la nne kwa nne kulala sawa, silitatui. Nakuachia wewe, nitalirudia mwisho.

Na hii ya kuhesabu haipo kwenye sarafu tu. Sudoku, lile fumbo la kujaza namba kwenye visanduku (ilichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979 kwa jina jingine, inaaminika mtungaji ni Howard Garns, hili la Sudoku likapatikana Japani miaka ya 80) watu walishajua kuna mafumbo ya namba 17 zilizojazwa tayari yenye jibu moja tu, ila je namba 16 zinatosha? Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake walitangaza kwamba hazitoshi, kompyuta zilipekua gridi zote zinazohitaji kupekuliwa na hawakupata hata moja. Nailinganisha na mizani yetu, pima 2 hazitoshi kwa sarafu 12 hata uwe na akili ya namna gani, majibu 9 hayawezi kutenganisha mambo 24. Na kama unacheza Sudoku, vile vinamba vidogo unavyoandika kwenye kona ya kisanduku halafu unavifuta kimoja kimoja, hiyo ndo mbinu yangu yote ninayokwambia hapa, umekua ukiifanya bila kuipa jina.

Kuna kukwama kwa aina nyingine ambako kufuta peke yake hakusaidii, pale ambapo umejifunga mwenyewe kwa sharti ambalo hakuna aliyekupa. Watu wanne wanavuka daraja usiku, tochi moja, wanavuka wawili wawili na lazima waende na tochi, mmoja anatumia dakika 1, mwingine 2, mwingine 5, mwingine 10, na wakienda wawili wanatembea kwa mwendo wa aliye mzito. Karibu kila mtu anampa yule wa dakika 1 kazi ya kusindikiza wote na kurudisha tochi, inatoka 19. Inawezekana 17. Ukikwama hapo chukua karatasi andika sheria za fumbo neno kwa neno, halafu pembeni andika sheria unazozifuata wewe, utakuta ipo moja imezidi: "anayerudisha tochi lazima awe mwenye kasi kuliko wote". Nani kasema? Wa 1 na wa 2 wakitangulia (2), wa 1 akarudi (1), wale wazito wawili wakaenda pamoja (10), akarudi wa 2 (2), wakamalizia wa 1 na 2 (2), ni 17. Lile la chui, mbuzi na majani na mtumbwi ni hivyohivyo, linashinda watu kwasababu hawataki kumrudisha mbuzi ng'ambo waliyomtoa, wanaona ni kurudi nyuma, wakati sheria haijakataza kurudi.

Sasa hizo dakika tano zako. Dakika tano ni muda wa kusoma fumbo na kuchora jedwali, kazi bado haijaanza. Jibu ukilisoma kichwa chako kinaona njia iliyokwishafyekwa na kinadhani kingeifyeka chenyewe, ndo maana linaonekana jepesi halafu fumbo lijalo unarudi mwanzo, maana ulichojifunza ni jibu na jibu la fumbo moja halina kazi kwenye fumbo jingine. Mimi utaratibu wangu ni huu, nikikwama kabisa nafunga daftari nalala, kesho naanza kwenye karatasi mpya sio ile ya jana, kwasababu karatasi ya jana ina kosa langu na macho yangu yameshalizoea. Mara nyingi nikiandika upya naliona mwenyewe. Siku mbili tatu zikipita hakuna kitu, nafunika jibu kwa kiganja nasoma mstari wa kwanza tu, nafunga, naendelea. Na likinishinda kabisa nikasoma jibu lote, basi wiki ijayo nalitatua upya kutoka karatasi tupu, na usishangae ukikwama hata kwa fumbo ambalo jibu ulishalisoma, hapo ndo utajua ulikua umelielewa au umelitazama tu.

Nianzie wapi, umeuliza. Anza na wakweli na waongo, kisiwa ambacho kila mtu ama husema kweli daima ama hudanganya daima. Raymond Smullyan (1919 mpaka 2017), mwanamantiki aliyekua pia mfanya mazingaombwe, katunga mengi sana ya aina hii na anayapanda ngazi kwa ngazi, unaanza na watu wawili unamaliza huku uko ndani ya mantiki nzito kabisa. Kwa hayo mbinu ni ileile, wakiwa watu watatu yanayowezekana ni 8, yaandike yote nane, kila anachosema mtu futa. Ukishazoea nenda kwenye mizani, halafu mafumbo ya "najua kwamba hujui" kama la Cheryl. Lile la miungu watatu la George Boolos la mwaka 1996 liache kwanza, mmoja mkweli, mmoja muongo, mmoja anajibu ovyoovyo, maswali matatu ya ndiyo au hapana, na wanajibu "da" au "ja" usijue ipi ni ndiyo. Ni zuri mno na sitaki uliharibu kwa kulisoma jibu ukiwa bado hujawa tayari, utakua umejinyima siku nzuri sana.

Sasa chukua lile tawi nililokuachia. 1 mpaka 8 zimelala sawa, bandia ni moja kati ya 9, 10, 11, 12, nzito au nyepesi hujui, na una pima mbili. Yanayowezekana ni 8, unatafuta tena tatu-tatu-mbili. Na kumbuka una sarafu nane mkononi ambazo sasa unajua ni nzima, hizo sio takataka. Kalamu na karatasi, usitafute jibu popote, na ukikwama niandikie, ila usiniulize jibu, nitumie orodha ya ulivyofuta na sababu ya kufuta kila kimoja, tutaangalia pamoja ni wapi umefuta kisichofutika.